Malango ya Kijidudu cha Kifua Kikuu

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, tabibu Robert Koch aliwaonyesha wenzake vijiti vyembamba ajabu, akawathibitishia kwa hoja zisizo na mwanya kwamba hivyo ndivyo chanzo cha kifua kikuu, maradhi ambayo hata zama zile watu wengi waliyahesabu kuwa urithi wa ukoo. Taabu kubwa ya kazi yake ilikuwa katika kuvitia rangi vijiti hivyo. Bakteria wengi huinywa rangi mara waguswapo nayo, na kwa hiyo huonekana chini ya hadubini pasipo shida. Kijidudu cha kifua kikuu huikataa, na Koch alilazimika kuikoleza rangi yake kwa maji makali ya jamii ya magadi, kisha kungoja muda mrefu, ndipo ikapenya. Baada yake Franz Ziehl na Friedrich Neelsen walitengeneza njia ya rangi nyekundu na moto, ambayo maabara nyingi za hospitali zetu zingali zikiitumia kupimia makohozi: kijidudu kikishaipokea rangi ile, hata kikioshwa kwa asidi hakiiachi, bali hubaki chekundu katikati ya uwanja wa buluu, na mpimaji hukihesabu kwa jicho.

Tabia hiyo ya kukataa kuingiwa, na ya kushikilia kilichokwisha kuingia, yatokana na ganda. Nje kabisa pana tabaka ya mafuta mazito ya jinsi ya nta, yaitwayo asidi za mikoliki; chini yake pana wavu wa sukari uitwao arabinogalaktani; chini ya wavu huo pana ukuta mgumu ambao bakteria takriban wote wanao; na ndani ya hayo yote ndipo ulipo utando wenyewe wa seli, tabaka mbili za mafuta zilizolala ana kwa ana, unene wake ukipata kama sehemu saba katika milioni ya milimita moja. Dawa nyingi ziwauazo bakteria wa vidonda na wa tumbo hufika kwenye ganda hili zikaishia hapo. Penisilini, iliyoustaajabisha ulimwengu wakati wa vita vikuu vya pili, haikumfaa mgonjwa wa kifua kikuu, na ilipasa kuingojea streptomisini, aliyoipata Albert Schatz mwaka 1943 katika vijidudu vya udongo, ndani ya maabara ya Selman Waksman huko Marekani, ndipo matabibu wakawa na kitu cha kumpa mgonjwa zaidi ya kitanda, hewa safi na subira.

Asidhani msomaji kwamba nazungumza habari za kale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na watu milioni 1.25 wakafa, hesabu ambayo yamkini iliyarudisha maradhi haya kwenye nafasi ya kwanza, baada ya kupokonywa na UVIKO kwa miaka mitatu, miongoni mwa maradhi yauayo watu kwa kijidudu cha namna moja. Na katika hao waliougua, wapatao 400,000 walikuwa na kijidudu kisichojali rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya matibabu yetu. Kwa hao wa mwisho hasa ndiko kunakotafutwa dawa mpya, na katika kutafuta, macho ya wataalamu wengi yameelekea kwenye ule utando wa ndani.

Mji wenye boma, hata boma lake liwe nene kadiri gani, hauishi pasipo malango: chakula sharti kiingie, taka sharti zitoke, na mafundi wanaolitengeneza boma lenyewe sharti wapitishiwe mawe na chokaa. Malango ya kijidudu ni protini zilizopandwa katika utando, nyingine zikiupenya toka upande wa ndani hata upande wa nje mara kumi na zaidi. Mwaka 1998 Stewart Cole na wenzake wa Ufaransa na Uingereza walipousoma na kuutangaza urithi wote wa kijidudu hiki, walikuta jeni zipatazo 4,000. Na katika bakteria kwa jumla hukadiriwa kwamba baina ya moja ya tano na moja ya tatu ya jeni ni za kutengenezea protini za utando. Nyingi katika hizo kazi zake hazijajulikana bado. Katika zile zijulikanazo, nyingine huvuta chakula, nyingine hutupa sumu nje, nyingine husuka wavu wa sukari au kuipandisha nta mahali pake, na nyingine huzalisha nishati ambayo bila yake hakuna moja katika hayo lifanyikalo.

Mtafuta dawa huyapenda malango haya, wala hana kosa. Dawa itakayolishika lango haina haja ya kusafiri hata katikati ya mji. Fauka ya hayo, wajenzi wa ganda lile la nta hawana wenzi wao katika mwili wa binadamu, kwa kuwa sisi hatuna ganda la namna hiyo, na dawa iwadhuruyo wao yatarajiwa kutupita sisi pasi na kutugusa. Katika maradhi yasiyotokana na vijidudu njia hii imekwisha kuwa ya kawaida: kiasi cha nusu ya dawa zote zilizomo madukani, au zaidi, za shinikizo la damu, za pumu, za kifafa, hufanya kazi kwa kuzishika protini za utando za seli zetu wenyewe. Katika dawa za kuua bakteria mambo yalikuwa kinyume, na sehemu kubwa ya dawa hizo hulenga vyombo vya ndani ya seli au ukuta ule mgumu.

Iwapo faida ni hizo zote, mbona protini hizi zilikawia kuchunguzwa? Jibu li katika mafuta. Protini ya kawaida hukaa katika maji kwa raha, na mtu huweza kuisafisha, kuipima na kuitunza. Protini ya utando imezaliwa katika mafuta, na sehemu yake ya kati huyakimbia maji. Ukiitoa katika utando wake ukaitia majini pasipo hadhari, hukunjamana, hushikamana na wenziwe, ikawa tope lisilomfaa mtu. Kwa hiyo hutolewa kwa sabuni, walakini sabuni ya maabara, iliyo laini na ya ghali, mathalani ile iitwayo dodesili maltosidi, ambayo molekuli zake huizunguka sehemu ile iyapendayo mafuta na kuihadaa ijione kwamba ingali nyumbani kwake. Sabuni ikiwa kali mno, protini huharibika. Ikiwa dhaifu mno, haitoki. Na baina ya hayo mawili pana miezi mingi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ambaye aghalabu humaliza mwaka mzima akijua tu sabuni zipi hazifai.

Tena kijidudu chenyewe hutengeneza protini hizi kwa uhaba. Ili kupata kiasi cha kutosha, jeni yake huchukuliwa ikapandwa katika bakteria mwingine aliye mwepesi kufugwa, ambaye kwa kawaida ni Escherichia coli wa matumbo yetu. Naye mara nyingine huikubali kazi, mara nyingine hufa, mara nyingine hutoa kitu kilichopotoka. Ndiyo sababu wengi hukimbilia Mycobacterium smegmatis, jamaa wa karibu wa kijidudu cha kifua kikuu, asiyeweza kumwambukiza mtu mwenye afya, na ambaye hugawanyika katika muda wa saa tatu hivi. Kijidudu chenyewe cha kifua kikuu huhitaji karibu usiku na mchana mzima kugawanyika mara moja, na mtu akikipanda katika chakula cha maabara hungoja majuma matatu, manne na zaidi kabla ya kuona kitu kwa macho. Tena sharti afanye hayo ndani ya maabara yenye ulinzi maalumu, ambamo hewa huvutwa na kuchujwa kabla ya kutolewa nje.

Protini ikishapatikana safi, hutakiwa picha ya umbo lake, chembe kwa chembe. Zamani njia ilikuwa moja tu, ya kuifanya protini iwe fuwele na kuipiga kwa miali ya eksirei. Na kwa protini za utando, ambazo hazipendi kujipanga kuwa fuwele, ilikuwa ni njia ya mateso. Picha ya kwanza kamili ya namna hiyo, ya protini za bakteria atumiaye mwanga wa jua, ilipatikana mwaka 1985, na Wajerumani watatu, Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel, walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1988. Baadaye ikaja njia ya hadubini ya elektroni pamoja na jalidi: tone la maji lenye protini hugandishwa kwa ghafula kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kuwa fuwele za barafu, kisha hupigwa picha maelfu kwa maelfu, zote hafifu na zenye ukungu, na tarakilishi huzipanga na kuzijumlisha mpaka umbo likadhihirika. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walitunukiwa Nobel kwa kazi hii mwaka 2017, na tangu miaka hiyo picha za malango ya kijidudu chetu na za jamaa zake zimetoka kwa mfululizo ambao mtu wa mwaka 1985 angeuona kuwa ni muujiza.

Lakini hapa napenda msomaji aizuie kidogo furaha yake. Katika vyuo na katika maombi ya fedha, kazi hii husimuliwa kwa taratibu nzuri: kwanza protini huchaguliwa, kisha umbo lake huchorwa, kisha hutengenezwa dawa ya kulitosha umbo lile. Historia ya kifua kikuu haikwenda hivyo. Etambutoli, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa wa Temeke au wa Kisumu huanza nazo leo, ilipatikana Marekani mwaka 1961 kwa kujaribu kemikali moja baada ya nyingine; wagonjwa wakaimeza kwa miongo; ikaja kujulikana kwamba hushika protini za utando ziitwazo Emb, ambazo husuka ule wavu wa arabinogalaktani; na picha ya dawa hiyo ikiwa imekaa ndani ya protini hizo ilitangazwa na wataalamu wa China mwaka 2020. Baina ya kidonge na picha palipita karibu miaka sitini.

Kisa cha bedakwilini kina mafunzo zaidi, nami nitakieleza kwa urefu. Mji wa Beerse, nchini Ubelgiji, una maabara za kampuni ya Janssen, na humo Koen Andries na wenzake walianza kutafuta dawa ya kifua kikuu wakati ambapo kampuni nyingi zilikuwa zimekwisha kuyaacha maradhi haya kwa kuyaona kuwa ni ya maskini, yasiyolipa. Hawakuchagua lango lolote. Walizitoa kemikali za ghala la kampuni, wakazijaribu juu ya Mycobacterium smegmatis aliye mzima na hai, wakatazama ipi imwuayo. Wakapata jamii ya kemikali ziitwazo diarilikwinolini, ambazo nguvu yake iliwashangaza. Ilipobidi kujua zafanyaje kazi, walitumia hila ya busara: waliwafuga bakteria pamoja na dawa mpaka wakatokea wachache waliopona, wakausoma urithi wote wa hao waliopona, wakaulinganisha na wa wale waliokuwa wakifa. Tofauti ilipatikana katika jeni iitwayo atpE. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2005, na lango likajulikana kwa njia ya wale waliolibadilisha kufuli.

Jeni hiyo ni ya kipande cha protini kubwa iitwayo sintasi ya ATP. Kijidudu, kama sisi, huitumia nishati yake katika sura ya mada iitwayo ATP, na namna ya kuipata iliyojulikana kwanza kwa nadharia ya Mwingereza Peter Mitchell ni ya ajabu kidogo: seli huzisukuma chembe za hidrojeni zenye umeme zikarundikana upande mmoja wa utando, na zinaporudi kwa nguvu upande wa pili, kule kurudi kwao ndiko kutengenezako ATP. Mitchell aliitoa nadharia hiyo mwaka 1961, wengi wakaipinga, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Lango la kurudia ndilo hiyo sintasi. Ndani ya utando pana duara la vipande tisa vilivyo sawa; kila chembe ya hidrojeni iingiapo hukaa juu ya kipande kimoja, mahali penye asidi iitwayo glutamati, na duara likazunguka hatua moja; mzunguko huo huupindua mhimili uliosimama katikati, na mhimili hukilazimisha kichwa cha protini kilichomo ndani ya seli kuiunganisha ATP. Bedakwilini hukaa pale pale penye glutamati. Duara likakwama, na kijidudu kikaishiwa.

Hakifi siku hiyo hiyo. Kina akiba yake, na katika siku za kwanza za matibabu dawa hii huonekana kama haifanyi lolote. Baadaye ndipo vifo huja kwa wingi. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba humpata hata aliyelala. Dawa nyingi humwua bakteria anayekua, kwa maana huziharibu kazi za kukua, ilhali kifua kikuu kina tabia ya kujificha ndani ya mapafu bila kukua kwa miezi na miaka. Lakini hata mwenye kulala huhitaji nishati kidogo ya kumweka hai, na kwa kijidudu hiki, tofauti na bakteria wengi wawezao kuishi kwa kuchachusha sukari tu, sintasi ya ATP haina badali.

Palikuwa na shaka moja ya haki. Binadamu naye ana sintasi ya ATP, ndani ya mitokondria zake, na duara lake ni la vipande vinane. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba ili kuizuia ile ya kwetu huhitajika dawa nyingi mno kuliko iwezavyo kumwua kijidudu, na kwa tofauti hiyo ndogo ya maumbile watu wengi wako hai leo. Marekani iliipa bedakwilini idhini tarehe 28 Desemba 2012, ikawa dawa ya kwanza ya kifua kikuu yenye namna mpya ya kufanya kazi baada ya miaka arobaini na zaidi. Picha zilikuja nyuma: mwaka 2015 wataalamu wa Frankfurt walionyesha duara likiwa limeshikwa na dawa, na mwaka 2021 maabara ya John Rubinstein mjini Toronto ikaionyesha sintasi nzima, pamoja na jinsi dawa inavyojipenyeza baina ya duara na kipande kilicho jirani yake na kuvishika vyote viwili.

Mtu asiyepata kuona matibabu ya kifua kikuu sugu kama yalivyokuwa hawezi kuupima uzito wa jambo hili. Mgonjwa alidungwa sindano za kanamisini au amikasini kila siku kwa miezi, akameza vidonge kwa muda wa miezi kumi na minane hata ishirini na minne, na wengi walipona kifua wakapoteza masikio, kwa kuwa dawa zile huua usikivu usirudi tena. Afrika ya Kusini ndiko ilikojaribiwa njia ya kuunganisha bedakwilini na pretomanidi na linezolidi kwa miezi sita: wagonjwa 109, ambao usugu wao ulikuwa wa daraja la kutisha, waliingia katika jaribio hilo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tisa katika kila kumi walipata matokeo mema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo, ikiongezwa moksifloksasini, kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu. Sindano ikaondoka.

Picha nazo hazikuwa bure. Bedakwilini huweza kuugusa mwendo wa moyo, ndiyo sababu mgonjwa hupimwa moyo kwa mashine ya umeme, na kwa kuwa umbo la mahali inapokaa limejulikana, wanakemia wameweza kuibadilisha hapa na pale kutafuta nduguye aliye mpole zaidi kwa moyo na mkali zaidi kwa kijidudu. Mmoja wa ndugu hao, mwenye jina la maabara la TBAJ-876, amekwisha kuingia katika majaribio ya wagonjwa. Hapo ndipo elimu ya maumbo inapoanza kutangulia mbele ya dawa badala ya kufuata nyuma.

Lango la pili lililozungumzwa sana ni MmpL3. Kazi yake ni kuitoa nje malighafi ya ile nta: asidi ya mikoliki ikiwa imebebwa juu ya sukari iitwayo trehalosi hupitishwa na protini hii kuvuka utando, na ikizuiwa, boma halijengeki na kijidudu hufa. Kemikali nyingi zilizopatikana kwa kujaribu-jaribu zilikuja kuonekana kwamba zote hulipiga lango hili moja, jambo lililowashangaza hata watafutaji wenyewe. Hata rimonabanti, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa madukani Ulaya kwa kuwatia watu huzuni, ilionekana kuingia humo. Mwaka 2019 picha ya MmpL3 ya smegmatis ikiwa na kemikali hizo ilitangazwa. Iliyotangulia katika safari ilikuwa SQ109, iliyoteuliwa katika kemikali zaidi ya 60,000 za ukoo wa etambutoli. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Tanzania na Afrika ya Kusini, katika jaribio moja lenye makundi mengi ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2017 na ambalo wagonjwa 365 walishiriki. Makundi yaliyopewa SQ109 yalifungwa kabla ya wakati, kwa sababu makohozi yao hayakusafika upesi kuliko ya wale waliomeza dawa za kawaida. Katika jaribio lile lile kundi lililopewa rifampisini kwa kipimo kikubwa zaidi lilifanya vizuri. Dawa ya miaka ya 1960 ikaishinda ya kisasa. Nami naona matokeo hayo yana thamani sawa na ushindi, maana yaliokoa miaka ya kutanga-tanga, na wagonjwa wa Tanzania waliojitolea makohozi yao na muda wao wanastahili sehemu ya shukrani.

Afrika Mashariki si mgeni katika mambo haya. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika nchi zetu, kwa ushirika wa mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na ya Uingereza, ndiyo yaliyothibitisha kwamba matibabu ya miezi kumi na minane yangeweza kufupishwa yakawa ya miezi sita, na ulimwengu mzima ukafuata. Mpango wa taifa wa Tanzania ulioanza mwaka 1977, ukiongozwa kwa fikra za tabibu Karel Styblo, ulikuwa kielelezo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikisambaza kila pembe katika miaka ya 1990. Na hospitali ya Kibong'oto, iliyojengwa miteremkoni mwa Kilimanjaro kwa ajili ya wagonjwa wa kifua zama za ukoloni, ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuwatibu wenye kifua kikuu sugu. Kilichokosekana kwetu ni ile hatua ya katikati, baina ya kitanda cha mgonjwa na kidonge, ambayo imefanyika Toronto, Frankfurt na Shanghai. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini hizo za elektroni, kilichopewa jina la Aaron Klug, aliyelelewa Durban na kupata Nobel mwaka 1982 kwa kazi ya jinsi hiyo hiyo.

Yako malango yafunguliwayo kuingiza, na yako yafunguliwayo kutupa nje. Na hilo la mwisho ndilo linalotutia hofu sasa. Kijidudu kina protini ya utando iitwayo MmpL5, ndugu ya ile iipandishayo nta, ambayo kazi yake moja ni kusukuma vitu nje ya seli, na jeni iitwayo Rv0678 huizuia isitengenezwe kwa wingi. Jeni hiyo ikiharibika kwa badiliko dogo, kizuizi huondoka, pampu huongezeka, na bedakwilini hutupwa nje kabla ya kulifikia duara lake, pamoja na klofazimini, dawa nyingine ambayo wagonjwa hao hao huihitaji. Wagonjwa wengi walioonekana kuwa na usugu wa bedakwilini wana badiliko hilo. Wenye badiliko katika duara lenyewe ni wachache. Kwa maneno mengine, dawa ilipigayo lango moja hushindwa kwa lango jingine, na mtu aliyeisoma sintasi peke yake asingelijua hilo kamwe. Tena bedakwilini haiondoki mwilini upesi: nusu yake ya mwisho huchukua zaidi ya miezi mitano kutoka, hata mgonjwa aachapo vidonge katikati, kiasi kidogo kisichotosha kuua hubaki kikimfunza kijidudu kuvumilia.

Mashine za GeneXpert, ambazo siku hizi zimeenea hata katika hospitali za wilaya na kutoa jibu la rifampisini ndani ya saa mbili, haziwezi kuujua usugu wa bedakwilini. Huo hujulikana kwa kukifuga kijidudu pamoja na dawa kwa majuma, au kwa kuusoma urithi wake, na maabara ziwezazo kufanya hayo katika nchi zetu zahesabika kwa vidole. Dawa imefika kabla ya kipimo chake. Wizara zetu za afya, zinapoagiza shehena za bedakwilini, na ziagize pamoja nazo vyombo na mafundi wa kuupima usugu wake, kwa maana kwa sasa hakuna dawa nyingine iliyo mkononi mwa tabibu ilipigayo lango lile.